LAU ANGALIMTIA FULANI: SOMO LA HALI YA MASHARTI KUTOKA BARAZA ZA BIASHARA STREET

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika makala haya nimekusudia kuzungumza juu ya jambo tunalolisikia kila timu yetu inapofungwa, nalo ni lawama za mashabiki kwa kocha na kwa wachezaji aliowachagua. Lakini kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili wala si gazeti la michezo, nitalitazama jambo lenyewe kwa jicho la sarufi. Nataka kuonyesha ya kwamba sehemu kubwa ya hasira yetu imejificha ndani ya silabi mbili tu, yaani -ngali-, na ya kwamba shabiki anayejua lini aitumie na lini aiache huisaidia timu yake zaidi ya yule anayepiga kelele tu.

MAHALI NILIPOYAPATA MANENO

Biashara Street hakuna asiyeijua hapa Mombasa. Ni hatua chache kutoka Marikiti, na ndiyo njia ya leso, vikoi na vitambaa. Mchana mafundi wa cherehani hukaa nje ya maduka wakipinda leso za watu. Jioni maduka yakianza kufungwa, vizingiti hugeuka baraza, na mazungumzo ni mpira. Muhula wa pili nilikuwa nikipita huko karibu kila siku nikitoka shule, nikiwa na kidaftari mfukoni. Kila nilipoisikia sentensi ya lawama niliiandika. Nne kati ya hizo ni hizi:

(1) "Lau angalimtia yule kijana mapema, tungalishinda."
(2) "Asingalimtoa yule kiungo, tusingalirudishiwa lile bao."
(3) "Kocha ningekuwa mimi, yule kipa hangesimama langoni hata siku moja."
(4) "Akimuanzisha tena yule beki wa kushoto kesho, tutapitwa upande ule ule."

SARUFI YAKE

Sentensi zote nne ni za masharti. Zina sehemu mbili, sharti na matokeo. Hata hivyo hazifanani kabisa.

Kiambishi -nge- huonyesha jambo ambalo halijawa, lakini bado laweza kuwa. Nikisema, "Kocha angenisikiza, angembadilisha," mlango haujafungwa. Kiambishi -ngali- (na ndugu yake -ngeli-) huonyesha jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. "Kocha angalinisikiza, angalimbadilisha" maana yake hakunisikiza, hakumbadilisha, na mechi imeshakwisha. Walimu wetu hutukumbusha tusivichanganye viambishi hivi. Ukianza na -nge- maliza na -nge-, na ukianza na -ngali- maliza na -ngali-. Tena katika sentensi ya tatu, vitabu vyataka "asingesimama", ingawa barazani utasikia "hangesimama" na kila mtu ataelewa.

Kiambishi -ki- katika sentensi ya nne ni kitu kingine. Msemaji ametaja jambo litakalofanyika na matokeo atakayoyaona yeye na sisi sote. Kesho ikifika, tutajua kama amesema kweli au amekosea. Huyu peke yake ndiye aliyejiweka mahali pa kuulizwa.

Wa -ngali- hawezi kuulizwa chochote. Nani atarudisha saa nyuma ili tuone kama yule kijana angalifunga? Hakuna. Ndiyo maana sentensi ya -ngali- ni tamu sana mdomoni. Kila aisemaye huwa ni mshindi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini barazani yule mjukuu hupakatwa na kubembelezwa kila jioni.

MFANO WA KWANZA: MISRI, 2019

Hebu tuutazame mfano wa kweli. Mwaka 2019 Harambee Stars walikwenda Misri kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 2004. Kocha alikuwa Mfaransa Sébastien Migné. Alipotangaza kikosi chake, mashabiki wengi walikasirika kwa sababu alimwacha Jesse Were, mshambulizi aliyekuwa akifunga mabao kwa Zesco United ya Zambia. Washambulizi aliowachukua ni Michael Olunga, Masoud Juma na John Avire.

Matokeo yalikuwa hivi. Tulifungwa na Algeria 2-0. Tukawafunga ndugu zetu wa Tanzania 3-2, baada ya kutangulizwa mara mbili, Olunga akifunga mawili na Johanna Omolo moja. Kisha Senegal wakatufunga 3-0, tukarudi nyumbani.

Mpaka leo utamsikia mtu akisema, "Angalimchukua Were, tungalivuka." Labda. Lakini Algeria na Senegal ndio waliokutana katika fainali ya mashindano yale, na Algeria wakachukua kombe. Tulifungwa na timu mbili zilizokuwa bora kuliko zote Afrika mwaka ule. Je, mshambulizi mmoja angaliyafuta mabao matano tuliyofungwa? Sisemi lawama ilikuwa ya uongo. Waliolalamika kabla ya timu kuondoka walikuwa na hoja nzuri: mtu anafunga, kwa nini aachwe? Hilo lilikuwa swali la haki, na kocha alipaswa kulijibu. Ila swali la kabla ya safari likigeuzwa jibu la baada ya safari, huwa si hoja tena.

MFANO WA PILI: MAKIPA WA UHOLANZI

Kipa ndiye mchezaji anayelaumiwa haraka kuliko wote, kwa sababu kosa lake huonekana na kila mtu. Katika Kombe la Dunia la 2014 huko Brazil, kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, alifanya jambo la ajabu katika robo fainali dhidi ya Costa Rica. Dakika za nyongeza zilipokaribia kwisha alimtoa kipa wake, Jasper Cillessen, akamtia Tim Krul kwa ajili ya penati tu. Krul akaokoa mbili, Uholanzi wakashinda 4-3. Kocha akaitwa bingwa wa akili.

Siku chache baadaye, katika nusu fainali na Argentina, mechi ikafika penati tena. Safari hii kocha alikuwa amekwisha kutumia nafasi zake zote za kubadilisha wachezaji. Cillessen akabaki langoni, Argentina wakashinda 4-2. Angalibakisha nafasi moja, je, wangalishinda? Hapo kila mtu ana jibu lake. Lakini nafasi zile alizitumia mechi ikiendelea, kabla hajajua ya kwamba itafika penati. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi humpima kocha kwa matokeo tunayoyajua, na yeye huchagua kabla hajayajua.

"KOCHA AFUKUZWE!"

Mwisho wa lawama zote ni wito huu. Basi tuhesabu. Migné alianza kazi Mei 2018, akaondoka Agosti 2019 baada ya Tanzania kututoa kwa penati katika mchujo wa CHAN. Francis Kimanzi akashika, akaondoka Oktoba 2020, siku chache tu baada ya kuwafunga Zambia 2-1. Jacob "Ghost" Mulee, yule aliyetupeleka Tunisia mwaka 2004, akarudi, akaondoka Septemba 2021. Akaja Engin Firat wa Uturuki, akakaa mpaka Desemba 2024. Machi 2025 akateuliwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini.

Tazama jambo hili. Mchujo wa Kombe la Mataifa la 2021 tuliuanza na Kimanzi tukaumaliza na Mulee. Mchujo wa Kombe la Dunia la 2022 tuliuanza na Mulee tukaumaliza na Firat, na mechi yake ya kwanza Mali walitufunga 5-0. Mara zote mbili hatukufuzu. Sisi watu wa pwani twajua ya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Tena kuna mambo ambayo kocha yeyote hangeyaweza. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali kuivunja kamati ya shirikisho, na adhabu ikaondolewa Novemba 2022. Kwa ajili hiyo tulitolewa katika mchujo wa Kombe la Mataifa la 2023 bila ya kupiga mpira hata mmoja. Mwaka 2024 mechi zetu za "nyumbani" zilichezwa Malawi na Uganda kwa sababu viwanja vyetu havikukubaliwa. Je, hilo nalo ni kosa la kumtia au kumtoa mchezaji fulani? Hapa ndipo hatari ya lawama ya -ngali- ilipo. Tukimtazama kocha peke yake, wengine wenye kazi zao hupita kando kimya kimya, hakuna anayewauliza.

Kisha ikaja Agosti 2025, CHAN ikachezwa kwetu pamoja na Tanzania na Uganda. Tukawafunga Kongo 1-0, sare na Angola 1-1, tukawafunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0. Kila mechi ilichezwa nchini, mbele ya watu wetu. Tulitoka robo fainali kwa penati mbele ya Madagascar, nayo baraza siku ya pili ikajaa -ngali-. Lakini nilisikia pia watu wakisema, "Hawa vijana wametupa raha." Maneno kama hayo hayakuwa katika kidaftari changu kabla ya hapo.

BANDARI, TIMU YETU

Msidhani mambo haya ni ya Nairobi tu. Januari 2019 Bandari waliwafunga Simba 2-1 huko Dar es Salaam katika nusu fainali ya kombe la SportPesa. Msimu huo walimaliza wa pili katika ligi, na wakachukua kombe la shirikisho. Kocha alikuwa Bernard Mwalala. Baadaye mwaka huo walicheza Kombe la Shirikisho la Afrika, wakawatoa US Ben Guerdane wa Tunisia, wakatolewa na Horoya wa Guinea. Mapema mwaka 2020 Mwalala na Bandari wakaachana.

Mtu yule yule, ndani ya mwaka mmoja! Katikati hapo kipa Faruk Shikalo alikuwa amekwenda Yanga. Simaanishi kipa ndiye sababu ya yote. Nasema tu, kabla ya kuuliza "kocha ana nini?" tuulize pia "kocha amebakiwa na nani?"

LAWAMA IKIMFIKIA MTU

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike makala haya. Kuna kijana mmoja, umri wake kama wangu, aliyekuwa akilinda lango la timu ya mtaani. Katika mechi moja mpira ulimponyoka mikononi, bao likaingia, timu ikatoka mashindanoni. Siku ya pili alitumwa leso Biashara Street. Alipopita barazani mtu mzima akapaza sauti, "Angalisimama mamako golini, tungalishinda!" Watu wakacheka. Yule kijana alinunua leso, akarudi kwa njia nyingine. Tangu siku hiyo hajacheza, na glavu zake amempa ndugu yake mdogo.

Hakuna aliyeuliza ni kwa nini alichaguliwa yeye. Kipa wa kwanza alikuwa kazini siku hiyo, na wa tatu hakuwapo kabisa. Kocha hakuwa na wa kumtia. Ile -ngali- yao haikuwa na mtu ndani yake.

Ami mmoja anayekaa baraza ile tangu zamani, na ambaye bado husimulia Feisal ya Mombasa ilivyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, hakucheka. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Mwanangu, lawama ya kabla ni shauri. Lawama ya baada ni kilio. Na kilio hakifai kumliza mtoto wa mwenzio."

KANUNI TATU

Kwa hayo napendekeza kanuni tatu kwa kila shabiki wa shule yetu.

Kwanza, sema kabla. Kama wamuona mchezaji hafai, tumia -ki- au -nge- mechi ikiwa bado, ili nawe upimwe kwa maneno yako.

Pili, taja mbadala. Ukisema "Asingalimtia fulani," maliza kwa kumtaja aliyekuwapo benchi siku ile. Kama hakuwapo mtu, nyamaza.

Tatu, laumu uamuzi, usimlaumu mtu na mamake. Kocha hulipwa ili achague, na ni haki yetu kumuuliza. Wapo makocha wanaostahili kuondoka. Lakini ulizo ni tofauti na matusi, hata katika sarufi.

ZOEZI

1. Sahihisha: "Kocha angemuanzisha Olunga peke yake, tungalifungwa."
2. Geuza iwe kauli ya kabla ya mechi: "Asingalimtoa nahodha, tusingalifungwa."
3. Kanusha sehemu zote mbili: "Angebaki, tungeshinda."
4. Andika lawama moja uliyoisema wewe mwenyewe mwaka huu. Je, ilikuwa na mtu ndani yake?

Majibu yaletwe katika mkutano wa chama. La nne si lazima lisomwe kwa sauti.