ELIMU YA USHIRIKA: Nguvu ya Lita Tano

Mfugaji mwenye lita tano za maziwa hana sauti katika bei. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayangoji jioni, na dalali aliyesimama langoni na pikipiki yake analijua hilo. Akitaja bei, mwenye ng'ombe hukubali.

Sasa chukua wafugaji 100 wa aina hiyo. Lita zao tano tano ni lita 500 kwa siku. Kiasi hicho kinatosha kutafutiwa tangi la kupozea, gari moja la kuyabeba na mnunuzi mmoja wa mkataba. Maziwa yakiwa baridi, haraka inamtoka muuzaji, naye anaweza kujadili bei. Hiyo ndiyo kazi ya ushirika.

Mfano tunao nchini. Mwaka 1961, wafugaji wadogo 31 wa Githunguri, Kaunti ya Kiambu, walianzisha chama cha kuuza maziwa yao pamoja. Leo chama hicho kina maelfu ya wanachama na kiwanda chake chenyewe cha kusindika maziwa.

Ushirika unaanzaje?

Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, watu wasiopungua 10 wenye lengo moja la kiuchumi wanaweza kuomba kusajiliwa. Huandaa katiba ya chama, hukubaliana kuhusu hisa na kuchagua kamati ya usimamizi. Kila mwanachama ana kura moja, awe na ng'ombe mmoja au kumi.

Unavunjikaje?

Njia ya kwanza ni ya wanachama wenyewe. Maziwa yakipungua msimu wa kiangazi, dalali huongeza shilingi chache kwa kila lita, na baadhi yetu humkimbilia. Tangi hubaki nusu, gharama ya gari haipungui, na chama hushindwa kutimiza mkataba. Chama kikishaanguka, dalali hurudi na bei yake ya zamani.

Njia ya pili ni viongozi wasioulizwa. Mkutano mkuu wa mwaka ndio wenye mamlaka ya kupokea hesabu zilizokaguliwa, kuchagua viongozi na kuweka kiwango cha juu cha mkopo ambao chama kinaweza kuchukua. Wanachama wasipohudhuria, deni linaweza kupitishwa na wachache na kulipwa na wote.

Ukienda mkutanoni, uliza maswali haya manne:

1. Chama kiliuza lita ngapi, na kwa bei gani?
2. Kati ya bei hiyo na malipo ya mkulima, tofauti ilitumika wapi?
3. Chama kinadaiwa kiasi gani, na nani?
4. Hesabu zimekaguliwa? Ripoti iko wapi?

Kiongozi mwaminifu hataudhika. Atakuwa na majibu kwenye karatasi.

Tangu Katiba ya 2010, vyama vya ushirika ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kikundi chenu kikiwa tayari, au mkiwa na shaka kuhusu hesabu za chama chenu, fikeni katika ofisi ya ushirika ya kaunti ndogo yenu na kumbukumbu za mikutano na daftari la wanachama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho kinahitaji mlinzi.