Ada Imefutwa, Mzazi Hakufutwa

Lipo neno moja lililoenea siku hizi katika vijiji na miji ya nchi yetu, nalo ni hili: "Elimu ni bure; serikali itatoa." Husemwa katika mkutano wa shule mwalimu mkuu anapoomba mahindi ya uji, husemwa nyumbani mtoto anapoomba daftari, husemwa hata mlangoni mwa kanisa. Kwa kuwa nusu yake ni kweli, wengi wameimeza na ile nusu isiyo kweli. Yafaa basi leo tulipime neno hilo kwa mizani ya haki na ya imani yetu.

Kwanza tuseme lililo kweli. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule zake za msingi. Tangu Januari 2016 ikafuta ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ambayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 70,000 kwa wa bweni. Pamoja nayo ikaondoa michango mingi iliyowalemea wazazi. Mwaka 2022 ikafuta na ada ya kidato cha tano na cha sita. Hili ni jambo jema, na anayelibeza hana shukrani. Watoto wengi wa maskini, ambao zamani wangebaki nyumbani kuchunga mbuzi au kulea wadogo zao, wamefunguliwa mlango wa darasa.

Lakini tuangalie vema kilichofutwa na kisichofutwa. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza kazi za serikali na kazi za mzazi. Kwa mzazi yalibaki mambo kama sare, vifaa vya kuandikia, matibabu ya mtoto, nauli yake, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Serikali ilifuta ada, haikumfuta mzazi.

Na matunda ya kusahau jambo hilo twayaona. Mtoto huondoka nyumbani alfajiri, tumbo tupu, akatembea mwendo mrefu hadi shuleni. Kufika saa nne amechoka. Kufika saa saba haoni kilichoandikwa ubaoni kwa sababu ya njaa. Mwalimu humwita mzito wa kuelewa, na mwishowe mtoto mwenyewe huamini hivyo, akaacha shule. Kumbe hakukosa akili. Alikosa bakuli la uji. Na jirani yake, katika shule nyingine ambako wazazi walikubaliana kuchangia chakula, anasoma hadi jioni. Serikali ni ile ile, mtaala ni ule ule. Tofauti ni wazazi.

Mtu atajibu, "Sisi ni maskini." Haya, tuhesabu pamoja. Mwaka wa masomo una siku 194. Tukimpimia mtoto gramu 120 za unga wa dona kila siku, kwa mwaka mzima atakula kilo 23 na kitu kidogo juu yake. Mahindi hayo hayafiki madebe mawili. Ongeza maharage kidogo na mzigo wa kuni kwa zamu. Je, ni nyumba ngapi za wakulima wenye nguvu zisizoweza kutenga madebe mawili kwa mtoto mmoja, wakati wa mavuno, kabla gunia la kwanza halijauzwa? Zipo, nasi tutazisema hapa chini. Lakini si nyingi kama wanaolalamika.

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatukukosa mali, tumekosa uwekevu. Uwekevu si uchoyo. Mchoyo hujinyima na kuwanyima wengine ili arundike. Mwekevu hujinyima leo ili kesho awe na cha kuwapa walio wake na walio wahitaji. Tazama mwezi wa Julai: mahindi huuzwa kwa bei ya kutupa, na fedha yake huishia kilabuni au katika kamari ya mpira, ambayo siku hizi mtu huicheza kwa simu akiwa amelala kitandani. Ikifika Januari, nyumba ile ile hununua unga kwa vibaba kwa bei ya juu, na baba husema serikali haimjali. Wazee walisema, "Akiba haiozi." Je, fedha iliyokwisha kuliwa kabla ya mwezi kwisha, nani ataidai?

Nasi Wakatoliki tusijifiche nyuma ya wengine. Kuna nyumba zinazosema hazina debe la mahindi kwa ajili ya shule, na mwaka huo huo hukodi maturubai na vipaza sauti, hununua keki na kushona vitenge vya sare, kwa sababu mtoto anapokea Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Kufurahi si dhambi, na mlo wa jamaa siku hiyo ni jambo zuri. Lakini Roho Mtakatifu hashuki kwa turubai. Mtoto aliyesherehekewa kwa deni, kisha Jumatatu akarudi darasani bila daftari, amefundishwa kwamba sifa za watu ni kubwa kuliko wajibu.

Kanisa lafundisha nini? Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alieleza kwamba si haki jamii kubwa kuinyang'anya jamii ndogo kazi inayoweza kuifanya yenyewe. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo, si kummeza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alionya juu ya serikali inayojitwalia kila kitu, kwa maana huwazimisha watu nguvu zao wenyewe. Mafundisho hayo yana makali pande mbili. Serikali haina ruhusa ya kuichukua nafasi ya nyumba. Na nyumba haina ruhusa ya kuiacha nafasi yake kwa serikali.

Tukumbuke pia Injili ya mikate. Bwana wetu aliweza kuwalisha wale maelfu pasipo kitu chochote mkononi. Lakini hakufanya hivyo. Alipokea kwanza mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa mtoto mmoja, chakula cha kimaskini, akakibariki na kukigawa. Na watu walipokwisha kushiba, aliagiza vipande vikusanywe visipotee, vikajaa vikapu kumi na viwili. Hapo pana masomo mawili: neema hujenga juu ya kile kidogo tulicholeta, na hata palipo na wingi, makombo hayatupwi. Mwenye kukunja mikono akingoja muujiza hajaisoma Injili hiyo mpaka mwisho.

Hata hivyo tusiufanye ukweli huu kuwa fimbo ya kuwapigia wanyonge. Yupo bibi anayelea wajukuu yatima watano kwa jembe moja. Yupo mjane mgonjwa, yupo baba aliyepooza. Hao wakisema hawana, hawana kweli. Kwa ajili ya watu kama hao serikali, kwa njia ya mfuko wa TASAF, ilianza katika awamu ya tatu ya mwaka 2012 kutoa ruzuku kwa kaya maskini. Kuipokea si aibu; ni haki ya mnyonge katika taifa lenye utu. Na tuone jambo hili: hata ruzuku hiyo iliambatana na masharti, kwamba watoto wahudhurie shule na wadogo wapelekwe kliniki. Yaani hata aliyesaidiwa hakuondolewa heshima ya kuwa mzazi. Fimbo humsaidia mgonjwa kutembea, haimbebi.

Lakini mwenye nguvu anayejiandikisha miongoni mwa wanyonge anamwibia yule bibi. Fedha ya serikali si mana iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni kodi iliyotoka katika sukari, sabuni na mafuta ya taa ya watu wote, hata maskini. Kwa sababu hiyo tuna haki ya kuwadai viongozi wetu hesabu ya kila shilingi, walimu wa kutosha na madarasa yasiyovuja. Tudai bila woga. Ila anayedai kwa sauti kubwa zaidi awe ni yule aliyekwisha kutimiza sehemu yake.

Basi, wasomaji wetu wapendwa, tunawaachia mambo matatu ya kujadiliana nyumbani, na pia katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu mwaka 1976. Kwanza, baba na mama wakae pamoja siku ya mavuno na kutenga chakula cha nyumba, mbegu, na fungu la shule, kabla ya kuuza chochote. Pili, kila sherehe ya sakramenti ifanywe kwa kile kilichopo mkononi, bila deni. Tatu, kila jumuiya iwatafute watoto ambao nyumba zao haziwezi kweli, iwatolee debe lao kimya kimya, bila kutangaza majina, ili pasiwe na mtoto anayesimama pembeni wenzake wanapokunywa uji.

Mkutano wa shule utakapoitishwa tena, Mkristo asiende kuuliza serikali italeta nini tu. Aende na debe lake kwanza, kisha aulize.