Somo la Kupelekeana Mafaili baina ya Kompyuta za Zamani

Mwalimu atakayefundisha somo hili asianze na waya. Kompyuta mbili zaweza kuunganishwa barabara, kwa kasi moja, na bado faili lisifike, kwa kuwa hazina mapatano ya jinsi ya kupelekeana.

Mfano unaofaa ni XMODEM, itifaki aliyoitunga Ward Christensen wa Chicago mwaka 1977. Faili hukatwa vipande vya baiti 128. Kila kipande hutanguliwa na namba yake, kisha 255 kutoa namba hiyo. Nyuma yake hufuata hesabu ya ukaguzi, yaani baki la jumla ya baiti zote ikigawanywa kwa 256. Mpokeaji asipopata hesabu ileile, huagiza kipande kirudiwe.

Darasani, mtoto ampe mwenziwe kadi tano za namba pamoja na jumla yake. Badili kadi moja kwa siri: kosa litafichuka. Sasa badilisha nafasi za kadi mbili. Jumla ni ileile, na kosa limepita! Usiwaharakishe hapa, wataona wenyewe kwa nini baadaye ilibuniwa njia ya CRC, inayojali mpangilio. Lakini njia hiyo nayo ina taabu yake: mpokeaji huanza kwa kutuma herufi C, ambayo programu ya zamani haiifahamu. Zikingojeana hivyo, chagua njia ya zamani pande zote mbili.

Kosa jingine ni la biti. Njia ikipitisha biti 7 tu, namba kubwa kuliko 127 haipiti. Kipande cha kwanza chahitaji kupeleka 254. Basi hata barua fupi hukwama mwanzoni. Hapo tumia Kermit, iliyotungwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, ambayo hugeuza kila kitu kuwa herufi za kawaida.

Iwapo faili ni la alama za wanafunzi, asili yake isifutwe kabla ya kulinganisha ukubwa. Faili la baiti 1000 hufika likiwa na 1024. Waachie wanafunzi wagawe: 1000 kwa 128 ni 7, baki 104, kipande cha 8 kimejazwa baiti 24 za ziada. Katika maandishi hazina madhara makubwa, ila baadhi ya programu huzikataa. Likifika na pungufu ya 1000, lirudiwe lote.