Ramadhani 12: Swali lako lina mahali pake



Ndugu zangu na mama zangu wa msikitini kwetu hapa Ushongo, na nyinyi mlioko Pangani mjini, Tanga na Dar mnaotusoma kwenye simu, natumai daku ilikaa vizuri. Leo sitafasiri aya. Nataka tuzungumze habari ya vikaratasi.

Utaratibu wetu mnaujua. Baada ya Alasiri sheikh anakaa, anasomesha, na kabla hajainuka anapewa vikaratasi vya maswali. Mimi ndiye ninayevikusanya, vya wanaume na vile vinavyopitishwa chini ya pazia kutoka kwa akina mama, na mimi ndiye ninayevisoma kwa sauti. Utadhani ni kazi ndogo. Mwaka juzi nilisoma kikaratasi kimoja ambacho mpaka leo natamani ningekitia mfukoni.

Hakikuwa na jina. Kiliuliza habari ya mume aliyetamka talaka akiwa na hasira, siku aliyorudi baharini mikono mitupu, mtoto akisikia, kisha wakaendelea kukaa nyumba moja. Je, ndoa ipo? Nikakisoma kama kilivyo, na bahari yake na mtoto wake. Kijiji chetu si mnakijua. Kabla sheikh hajafungua mdomo, watu wa safu ya mbele walishageuza shingo kumtazama mtu mmoja. Sheikh alijibu kwa jumla jumla, kwa kuchunga maneno, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Yule mama sikumsikia tena darsani mwezi ule wote. Na jambo la pili, ambalo lilininyima usingizi zaidi: siku tatu zilizofuata, chini ya pazia hakikupita kikaratasi hata kimoja.

Swali lile lilikuwa la haki. Mwenye nalo alikuwa na haja ya jibu kuliko sisi sote tuliokaa pale. Kosa lilikuwa langu mimi, niliyedhani kwamba kila swali la dini mahali pake ni darsani.

Sasa, asije mtu akaelewa kwamba nasema msiulize. Kutouliza kumeua mtu. Jabir radhiyallahu anhu amesimulia, na Abu Daud ameipokea, habari ya msafiri mmoja aliyepigwa na jiwe kichwani, akapata jeraha. Usiku akaota akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume swallallahu alayhi wasallam alikasirika mno, akawalaumu kwa nini hawakuuliza na wao hawajui, na akaeleza kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Tazama vizuri hapo, ndugu yangu: yule bwana aliuliza. Aliuliza wasiojua, na wasiojua wakajibu. Kwa hiyo swali linaweza kuwa zuri kabisa na bado likamwangamiza mwenyewe, kwa kuwa limefika kwa asiyestahili kulijibu.

Wala haya haikuwazuia. Ummu Sulaym alimwendea Mtume akauliza habari ya mwanamke anayeota ndotoni kama inavyomtokea mwanamume, je, inamlazimu kuoga? Akajibiwa kwamba ndiyo, akiyaona maji. Mpaka leo binti zetu wanaoga kwa jibu lile. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa jambo hilo hilo, kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao.

Na mnamkumbuka yule mtu aliyekuja mbio kwa Mtume akisema ameangamia, kwa kuwa amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Akaulizwa kama anaweza kuacha huru mtumwa, hawezi. Kufunga miezi miwili mfululizo, hawezi. Kulisha masikini sitini, hana kitu. Ikaletwa kanda ya tende akaambiwa akazitoe sadaka, naye akasema mjini hapa hakuna masikini kuliko nyumba yangu. Mtume akacheka, akamwambia awalishe watu wake. Kisa hiki tunakisoma kila Ramadhani. Je, umewahi kujiuliza anaitwa nani? Katika riwaya ya Bukhari na Muslim anatajwa kuwa ni mtu tu. Hukumu imebaki, kafara imebaki, hata kicheko cha Mtume kimebaki, lakini jina halikubebwa. Mimi nilipokuwa nasoma kile kikaratasi nilifanya kinyume chake. Jina sikulitaja, ila nilisoma kila kitu kingine kinachomtambulisha.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijakisoma kikaratasi, najiuliza: jirani wa huyu akilisikia swali hili, atapata faida bila kumjua mwenye swali? Kama ndiyo, hilo ni la darsani, hata likionekana dogo.

Tena mengi yanayoonekana madogo ndiyo makubwa. Juzi kijana mmoja hakuandika, alisimama mwenyewe akauliza: yeye ni mzamiaji wa pweza, anapozama maji ya chumvi yanamwingia kooni, mengine yanapita bila kutaka, saumu yake ipo? Watu wakacheka. Wengine wakamwambia basi usizame, ndo jibu hilo, kaa chini. Sheikh hakucheka. Alimuuliza yeye: maji hukuingia mara moja moja kwa bahati mbaya, au kila ukizama unajua yatakuingia? Kijana akasema, kila nikizama. Hapo sheikh akatukumbusha kwamba Mtume alimwagiza Laqit bin Sabira kuvuta maji puani kwa nguvu wakati wa kutawadha isipokuwa akiwa amefunga, kwa kuwa mwenye saumu hachezi na njia ambayo maji hupitia. Na wanazuoni wetu wa Kishafii wamelishika kwa ukali: anayejua kwa mazoea yake kwamba akizama maji humwingia, haifai kuzama mchana wa saumu, na yakimwingia basi siku ile atailipa. Ila aliyepinduliwa na wimbi kutoka kwenye ngalawa, maji yakamwingia bila hiari yake, huyo hana la kulipa. Akamshauri avue kwa mshipi mchana, na pweza asubiri bamvua la usiku maji yakitoka.

Mnaona? Swali lilikuwa limemtokea kweli, mwenye elimu anaweza kulijibu kwa alichosoma, na hapa kwetu wanaohusika ni nusu ya msikiti. Mmoja wa waliocheka kwa sauti kubwa alibaki nyuma baada ya dua. Alikuwa na ya kwake ya kuzama.

Yako maswali ambayo yana miguu miwili. Mzee mwenye kisukari anauliza kama afunge. Sheikh hana kipimo cha sukari mfukoni. Mguu wa kwanza ni wa daktari: vuka Bweni uende hospitali Pangani, umweleze dawa unazotumia na saa unazozitumia, uulize kama kukaa bila kula na kunywa kutakudhuru. Ukirudi na jibu lile, hapo ndipo swali linakuwa la sheikh. Kama ni maradhi ya kutarajiwa kupona, utalipa siku baada ya Ramadhani. Kama hayatarajiwi kupona, utatoa fidia, kibaba cha chakula chetu tunachokula kwa kila siku. Ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Suratul Baqarah, haikuletwa na daktari. Lakini ruhusa ile inakuhusu wewe au haikuhusu, hilo linajulikana kwa kupimwa. Jamani, wazee wetu, msiulize mguu mmoja mkaondoka. Wala msimuulize jirani ambaye na yeye ana kisukari na anafunga. Mwili wake si wako.

Sasa kile kikaratasi cha talaka kingekwenda wapi? Talaka haijibiwi kwa mistari mitatu. Lazima sheikh amsikie mume alitamka neno gani, mara ngapi, hasira yake ilikuwa ya kiasi gani, kisha amsikie na mke. Hiyo ni shauri, watu wanakaa chini nyumbani kwa sheikh, mlango umefungwa. Na likiwa kubwa linakwenda kwa kadhi wa Bakwata. Hapa nieleze kidogo, maana wengi wanachanganya. Mwenye ndugu Unguja au Mombasa atasikia akiambiwa nenda mahakama ya kadhi, na ni kweli, kule mahakama hizo ni za serikali. Kenya zimo hata ndani ya Katiba yao ya 2010. Kwetu Bara mahakama za kadhi za serikali ziliondoka kwa sheria ya mahakama ya mwaka 1963. Kadhi wa Bakwata anasuluhisha na kutoa hukumu ya dini, na chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ugomvi wa ndoa unapita kwanza baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kuvunja ndoa. Kwa hiyo mama mwenye swali kama lile ana njia mbili za kwenda pamoja. Ya dini, ajue kama bado ni mke wa mtu. Na ya sheria, ili matunzo ya watoto na mali walizochuma wote zisipotee. Akiishia kwenye kikaratasi anakosa zote mbili, na juu yake anapata macho ya watu.

Yapo ambayo siyasomi na sioni vibaya. Zaid bin Thabit, aliyekuwa mjuzi wa mirathi kuliko wengi, alikuwa akiulizwa jambo huuliza kwanza: limetokea? Likiwa halijatokea huliacha mpaka litokee. Zamani nilidhani maana yake ni kwamba swali la ajabu ni swali la kipuuzi. Sivyo. Kuna mtoto wa madrasa aliuliza mtu akiwa angani ataelekea wapi Kibla, tukamwona anapoteza muda. Kumbe lilishatokea: Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa kwenda kituo cha anga, na wanazuoni wa kwao walimwandalia mwongozo wa swala na saumu kabla hajaondoka. Kwao lilikuwa swali la kweli, lina mtu na lina tarehe. Kwetu ni la kunogesha futari, na kwenye futari lina haki yake. Darsani lingekula dakika za mvuvi.

Lingine ni la mwezi. Kila mwaka vinakuja vikaratasi vitano sita: waliofunga kwa mwezi wa kimataifa na waliongoja wa hapa, nani yuko sahihi? Ukiuliza hoja za kila upande, sheikh atakusomesha, ana vitabu vyake. Lakini nyingi hazitaki hoja, zinataka mshindi, kama Simba na Yanga.

Na lile la fulani: eti kuna mtu anaonekana akila mchana nyuma ya madau, hukumu yake ni ipi? Hukumu ya anayekula bila udhuru unaijua, ulifundishwa chuoni ukiwa na miaka saba. Hujui kama ana maradhi, hujui kama ni msafiri. Hilo ni shtaka limevaa kanzu ya swali, nami kanzu hiyo nimeshaizoea.

Mkiona sheikh anasema hili sijui, msinung'unike. Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa mambo 48, na kwa 32 akasema hajui. Kikaratasi kama hicho nakihifadhi, na sheikh akipata jibu kwa masheikh wake wa Tanga tutakisoma hata ikiwa ni baada ya Idi.

Basi kuanzia leo utaratibu ni huu. Kikaratasi kilichokunjwa mara moja nitakisoma mbele ya watu, na nitaondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Kilichokunjwa mara mbili sikifungui. Kinakwenda mkononi kwa sheikh, na baada ya tarawehe atakuwa pale barazani kwake pamoja na mkewe kwa yeyote anayetaka kukaa naye. Akina mama mnaweza kumpitishia mke wa sheikh moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

Na wewe mama wa mwaka juzi, kama unasoma hapa: nisamehe. Nafasi yako nyuma ya pazia ipo.

Darsa leo baada ya Alasiri, inshallah. Njooni na kalamu, ile ya msikitini imekwisha wino.