Kumfunza Mtoto wa Mbwa Kujisaidia: Magazeti Ndani, Safari Fupi Nje

Mtoto wa mbwa huwa tayari kutengana na mama yake anapofikisha wiki 8. Katika umri huo bado hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu, kwa hivyo usiku wa kwanza atakojoa kando ya jiko, kwenye mkeka wa watoto au chini ya kitanda. Watu wengi humchapa na kumtupa nje alale popote. Haupiti mwezi kabla ya boma zima kugeuka choo chake, na boma hilohilo ndilo watoto huchezea bila viatu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo wa mviringo waliotoka kwa mama yake, na minyoo wa safura humfikia kupitia maziwa. Mayai ya minyoo hao hutoka na kinyesi. Yale ya minyoo wa mviringo hayamdhuru mtu siku hiyohiyo. Huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini ndipo yakomae, kisha huweza kukaa kwenye udongo kwa miaka. Mtoto anayeshika udongo na kutia mkono mdomoni huyameza, na minyoo wachanga huweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Safura wa mbwa hupenya ngozi ya mguu na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa. Kinyesi kikiokotwa kila siku, mayai hayapati muda wa kukomaa. Lakini hakuna anayeweza kuokota kinyesi kilichotapakaa kila pembe ya boma, na kwa hivyo mbwa anahitaji mahali pamoja.

Chagua mahali hapo kabla mbwa hajafika. Pawe mbali na kisima, tangi la maji, bustani ya mboga na mlango wa jikoni, lakini pawe karibu kiasi kwamba mtu hatavunjika moyo kwenda huko saa kumi na moja alfajiri. Mbwa hukumbuka mahali kwa pua na kwa nyayo: harufu ya mkojo wake wa jana, na kama alikanyaga nyasi, mchanga au saruji. Akizoea nyasi atatafuta nyasi. Akizoea mkeka, atatafuta mkeka.

Kazi kubwa ni kujua saa zake. Mpeleke nje mara tu anapoamka, dakika 5 hadi 30 baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 huzuia mkojo kwa saa 2 au 3 tu. Wa miezi 4 huweza kufika saa 4 au 5. Akianza kunusa sakafu huku akizunguka, usingoje. Mbebe au mfunge kamba, mpeleke palepale, simama kimya. Akimaliza, msifu papo hapo na umpe kipande kidogo cha chakula anachokipenda. Ukingoja mpaka mrudi mlangoni, ataona amepewa zawadi ya kurudi mlangoni. Tumia neno moja, liwe la Kikipsigis au la Kiswahili, na nyumba nzima ilitumie hilohilo. Nyumba ambayo baba anasema hivi na watoto wanasema vile humchanganya mbwa bure.

Ratiba hiyo si rahisi kwa kila mtu. Mchumaji wa majani chai hutoka alfajiri na kurudi mchana, na katika maeneo ya juu ya Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, wakati ambao mtoto wa mbwa angetakiwa nje. Kule chini Kipsitet kuna joto zaidi na maboma mengi yana nafasi, lakini mwenye shamba la miwa naye hashindi nyumbani. Kwa saa hizo, na kwa usiku, tumia magazeti.

Madukani kuna vitambaa maalumu vya kunyonya mkojo, ila bei yake ni ya kila siku. Magazeti ya zamani yaliyotandazwa kwa tabaka nne au tano yanatosha. Usitumie gunia lililobeba mbolea au dawa ya shamba, wala nguo kuukuu, kwa kuwa nguo itamfundisha kukojolea nguo. Mtenge kwenye kona ndogo ya chumba: upande mmoja alale, upande wa pili kuwe na magazeti, na chakula kikae mbali na magazeti hayo. Unapobadilisha, acha kipande kidogo chenye harufu juu ya magazeti mapya ili apajue. Wanaoishi katika chumba kimoja kwenye nyumba za layini wanaweza kutumia katoni pana iliyokatwa upande mmoja.

Magazeti ni ya muda tu. Akishayazoea, yasogeze kidogo kila baada ya siku mbili tatu kuelekea mlangoni, kisha nje ya kizingiti, kisha mpaka mahali ulipochagua. Ukiyasogeza haraka atarudi pale pa zamani. Rudi hatua moja nyuma na uanze tena. Nyumba inayoyaacha ndani miezi sita hulea mbwa anayesubiri kuingia ndani ndipo akojoe.

Makosa yatatokea. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa hakumfundishi chochote, maana hahusishi adhabu na jambo lililopita. Atajifunza tu kujificha nyuma ya kabati. Ukimkuta akianza, piga makofi mara moja, mbebe nje amalizie huko. Osha sakafu kwa maji na sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji ili kuondoa harufu. Dawa za kusafishia zenye amonia zinanukia kama mkojo na humwita arudi. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Kabla hajakamilisha chanjo zake, safari za nje ziishie ndani ya boma. Ugonjwa wa parvo huishi ardhini kwa miezi, na barabarani au sokoni hupita mbwa wasiojulikana walikotoka. Chanjo ya parvo huanza kati ya wiki 6 na 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki 16. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, kila wiki mbili hadi miezi 3, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030.

Kinyesi kizikwe shimoni au kitupwe kwenye choo cha shimo, kisiende kwenye mbolea ya sukuma wiki. Mbwa aliyekwisha kufunzwa akianza tena kuchafua nyumba, hasa akiharisha damu au akikataa kula, apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo.