Ploti Yako na Kiota cha Kong'ony

Msimu wa mvua ukiwa umekolea, simama asubuhi na mapema kando ya barabara ya Iten, ukiwa umeipita Kimumu. Huenda ukabahatika kuwaona wawili wakitembea taratibu ndani ya nyasi zilizoloa: shingo ya kijivu, shavu jeupe, chini ya kidevu ngozi nyekundu inayoning'inia, na kichwani taji la nyuzi za dhahabu. Ni korongo taji, ndege ambaye Wakalenjin humwita kong'ony. Nilipowaona mara ya mwisho, hatua kama hamsini nyuma yao palikuwa na rundo la maramu lililomwagwa na lori, na vigingi vinne vyenye utepe vilikuwa vimeshachomekwa ardhini. Mtu amenunua.

Makala haya namwandikia mtu huyo, na yeyote anayeweka akiba ya kununua ploti ya futi hamsini kwa mia pembezoni mwa Eldoret. Simwoni kama adui. Anataka nyumba, kama sote. Ila katika mji wetu wanyamapori hawamalizwi na majangili wenye bunduki. Wanamalizwa na ploti moja, kisha nyingine, kila moja ikiwa halali machoni pa mwenyewe, mpaka siku ambayo hakuna tena pa kutaga yai.

Mji wenyewe umekua haraka. Ulianza na posta ya mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee, wakitamka “sixty-four” kwa ulimi wao, bado wanauita Sisibo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikapewa hati ya kuwa jiji. Lakini mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipofika kwenye nyanda hizi, alishuhudia vijana wa Kinandi wakimuua simba kwa mikuki. Kongoni walijaa mbugani. Leo mtoto wa mtaa wa Langas au Kapsoya ukimwambia kulikuwa na simba hapa, atakutazama usoni kuona kama unamtania.

Na si mambo ya kale tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, twiga wa Rothschild waliosalia nchini walikuwa katika shamba moja la ekari 18,000 huko Soy, njia ya kwenda Kitale. Serikali ikalinunua ili ligawiwe watu. Watu walihitaji ardhi, hilo silibishi, lakini twiga na shamba la mahindi haviwezi kukaa pamoja. Mwaka 1974 Jock Leslie-Melville na mkewe Betty walimsafirisha twiga mchanga, wakamwita Daisy, hadi kwao Lang'ata jijini Nairobi. Wengine baadaye walipelekwa kwenye hifadhi kama Ziwa Nakuru. Sasa mtoto wa kaunti yetu ya Uasin Gishu akitaka kumlisha kwa mkono twiga mwenye asili ya Soy, sharti apande matatu hadi Nairobi.

Twiga aliweza kupakiwa kwenye lori. Kinamasi hakipakiki.

Kinamasi ninachokisemea hasa ni Marura, kaskazini mwa mji, upande wa Chepkoilel na barabara ya Iten. Kwa anayepita na gari ni majani tu na maji yaliyosimama. Kumbe ni sifongo: mvua ikinyesha hulimeza furiko, na kiangazi kikija huyaachilia maji kidogokidogo. Mafunjo na nyasi zake huchuja matope na mbolea inayotiririka kutoka mashambani. Humo wamo vyura, konokono, kambale, bata maji na yangeyange. Na humo ndimo kong'ony anamozalia.

Inafaa ujue ndege huyu anavyoishi, kwa sababu ukishajua hutahitaji kuambiwa na mtu nini cha kufanya. Dume na jike hukaa pamoja miaka na miaka. Hulaza nyasi na mafunjo katikati ya maji ya kina kifupi, wakatengeneza jukwaa, na jike hutaga mayai mawili au matatu. Maji ndiyo ukuta wao, kwani ng'ombe na mbwa hawafiki. Mayai huatamiwa kwa zamu kwa karibu mwezi mmoja. Vifaranga wakianguliwa huanza kutembea mara moja, lakini kuruka hawawezi hadi baada ya miezi miwili au mitatu. Muda huo wote huenda kwa miguu, wakitoka majini kwenda kwenye nyasi fupi kutafuta wadudu na mbegu, kisha wakirudi majini kujificha.

Sasa fikiria mtu mmoja tu achimbe mtaro wa kukausha ploti yake. Maji hayajui mpaka wa hati, kwa hiyo yanashuka kwa jirani pia. Jukwaa lililokuwa katikati ya maji linabaki nchi kavu, na usiku huo huo mbwa anafika. Mwingine anajenga ukuta wa mawe kuanzia ukingoni hadi barabarani, na kifaranga aliyekuwa akienda malishoni anagonga ukuta. Wazazi wanaweza kuruka juu yake. Yeye hawezi. Ndiyo maana utawaona kong'ony wakubwa miaka kadhaa mahali palipojengwa, ukadhani wanaendelea vizuri, kumbe ni wazee wasio na watoto. Mwaka 2012 korongo huyu aliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa kwetu bado anaonekana ndege wa kawaida. Kwa Wakalenjin wa ukoo wa Moi ndiye tiondo, yaani kiumbe cha ukoo wao, na kumdhuru ni mwiko.

Kabla ya kulipa

Dalali atakupeleka kuiona ploti mwezi wa Januari au Februari, ardhi ikiwa imekauka hata ikapasuka. Rudi mwenyewe kati ya Mei na Agosti, baada ya mvua ya usiku kucha, na uvae gambuti. Kanyaga. Maji yakijaa kwenye unyayo wako, hapo si pa kujenga. Angalia kama kuna mafunjo au nyasi ngumu zenye shina la pembe tatu, na kama udongo ni mweusi wa kunata. Jioni sikiliza: vyura wakipiga kelele pande zote, umesimama ndani ya kinamasi hata kama karatasi inasema ni shamba. Kisha mtafute mzee wa jirani, asiye na asilimia yoyote katika mauzo, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi wakati wa mvua za El Niño za 1997. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, jambo ambalo ni lazima, lakini hawakumuuliza mzee huyo swali hilo moja.

Kuhusu mto, kanuni za mazingira za 2009 zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande uachwe bila kujengwa, ukipimwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa. Si kutoka yalipo siku ya kiangazi. Hili linahusu Sosiani, unaokatiza katikati ya mji, na vijito vyote vinavyouingia. Ukinunua ndani ya ukanda huo, hati yako haitakukinga na maji, na huenda isikukinge na tingatinga. Na hata usipobomolewa, choo cha shimo mahali ambapo maji yako futi tatu chini ya ardhi kitaingia kwenye kisima chako mwenyewe kabla ya kumfikia samaki yeyote.

Kama umeshajenga

Wengi wameshajenga, na bado kuna mengi yaliyo mikononi mwao. Upande unaotazama kinamasi, panda ua wa miti badala ya ukuta, au acha mianya chini ya uzio ambayo kifaranga na kobe wanaweza kupita. Mbwa afungwe usiku, hasa msimu wa mvua. Taa za nje zielekezwe chini, zizimwe watu wanapolala, kwa maana mwanga wa usiku kucha huvuruga wadudu na ndege wanaosafiri gizani.

Miti ni habari ndefu kidogo. Korongo taji na jamaa yake wa karibu ndio korongo pekee duniani wanaolala mtini, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinaweza kushika tawi. Mti mkubwa wa zamani katika ploti yako waweza kuwa kitanda cha kundi zima. Usiukate kabla hujauchunguza machweo mawili matatu. Ukitaka kupanda, panda miti ya asili kama simotwet, wa jamii ya mkuyu, au tebeswet, au tarakwet. Mikaratusi iweke mbali na maji. Inakua haraka na inauzika, ndiyo, lakini inakunywa mno, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Ukipita barabara ya Kapsabet utaona jambo hilo hilo likikikabili kinamasi cha Kingwal huko Nandi: mikaratusi upande mmoja, mashimo ya matofali upande mwingine, na katikati nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka za kutembelea matopeni, ambaye akihisi hatari huzama majini akaacha pua tu juu. Serikali iliwahi kumtengea nzohe hifadhi nzima, Saiwa karibu na Kitale, mwaka 1974. Wa Kingwal wanategemea zaidi majirani zao.

Kwa mkulima wa pembezoni, ugomvi wake na kong'ony ni wa kweli: ndege hufukua mbegu ya mahindi ikichipua. Lakini ugomvi huo ni wa wiki mbili tatu. Mche ukishashika mizizi anauacha, anageukia wadudu. Weka mtu wa kufukuza ndege asubuhi na jioni katika siku hizo, au mpange zamu na majirani. Usichanganye mbegu na sumu. Sumu haichagui, itaua kuku wako, mbwa wako, na yeyote atakayemla ndege aliyekufa.

Vilevile usichukue kifaranga kumpeleka nyumbani, hata ukimkuta peke yake. Mara nyingi wazazi wako karibu wanakungojea uondoke. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Tumbili wa mtoni wakizoea ua wako, tatizo ni pipa la taka lisilo na kifuniko na mkono unaowarushia ndizi. Ondoa hivyo viwili na wengi watahama. Nyoka au mnyama mkubwa akiingia, toeni watoto, fungeni mlango, mpigie simu ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kundi la watu wenye marungu ndilo humfanya mnyama aliyekuwa anapita ashambulie.

Na ukiona lori linamwaga maramu kinamasini? Piga picha inayoonyesha mahali, tarehe, na namba ya gari ikiwezekana. Peleka malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na nakala kwa chifu. Daima baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila huo muhuri, kesho utaambiwa hukuwahi kufika. Wakikaa kimya, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapa hapa Eldoret. Nendeni kama kikundi, kwani jina moja huchoka na pia hutishika.

Yule mwenye vigingi vinne, kama hajamwaga mzigo wa pili wa maramu, bado anaweza kufanya jambo. Jukwaa la kong'ony linaonekana kutoka barabarani, mafunjo yakiwa yamelala kama mkeka. Apime hatua kutoka hapo hadi kigingi chake cha karibu, kisha asogeze msingi wa nyumba upande wa barabara kadiri ploti inavyomruhusu, na nyuma aache nyasi zilivyo. Mayai yakiwa tayari yametagwa, angoje miezi minne kabla ya kuleta mafundi.