Karanga Zikikudhuru Ugenini

Wako watu ambao karanga huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Hali hii huitwa mzio. Nyumbani Kiseke mpishi anakujua. Lakini ukienda Kampala, wenyeji hupenda mchuzi wa karanga, yaani binyebwa, juu ya matoke. Mwambie mpishi kabla hajapakua: "Sirya binyebwa", maana yake sili karanga. Uliza pia kama upawa umetumika kwenye mchuzi huo. Kuziondoa sahanini hakutoshi, wala moto hauondoi madhara. Mwenyeji akisema kidogo hakidhuru, usione haya kukataa. Hicho kidogo kinaweza kuua. Pumzi zikibana, usingoje dawa ya kienyeji. Kimbizwa hospitali ukachomwe sindano ya adrenalini, na uwaeleze ulichokula.